Kioo Kimoja Kikubwa au Vidogo Vitatu: Shauri la Wanunuzi wa Kahawa wa Bwera

Mazungumzo yetu ya leo baada ya taarifa ya habari yanahusu vioo vya kompyuta. Yamkini msikilizaji atadhani kuwa jambo hili ni la mafundi, au ni anasa ya watu wa mjini, wala halistahili kupewa nafasi mara tu baada ya habari za dunia. Lakini huko Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, jambo hili limewafanya watu wazima wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa kukaa kikao mara mbili bila ya kukata shauri, na kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Shauri lenyewe ni hili: chama kimeweka akiba ya fedha inayotosha kununua ama kioo kimoja kikubwa, ama vioo vitatu vidogo, kwa ajili ya kutazamia bei. Katibu anataka kikubwa. Mama mtunza fedha anataka vidogo. Mzee mwenyekiti naye aliwauliza swali ambalo tutalifikia baadaye, maana ndilo lililotufanya tulilete jambo hili mbele ya msikilizaji.

Kabla ya hapo yatupasa tujue kwa nini mkulima wa mteremko wa Rwenzori ahitaji kioo hata kidogo. Wazee watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 mkulima wa Uganda hakuwa na haja ya kutafuta bei popote. Bodi ya kahawa ya serikali, Coffee Marketing Board, ndiyo iliyoshika biashara yote, na bei ya mkulima ilikuwa moja tu, ikipangwa na serikali na kusomwa redioni. Upungufu wa mpango huo ulidhihirika baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975. Bei ya dunia ikapaa mwaka 1976 na 1977, ilhali bei iliyosomwa redioni haikupaa kwa kadiri hiyo, na kahawa nyingi ikavushwa mipaka kwa magendo. Soko la Chepkube, mpakani mwa Kenya, lilipata sifa yake katika siku hizo. Sisi wa redio hatuna budi kukiri kwamba wakati ule redio ndiyo iliyokuwa kioo pekee cha mkulima, na kioo hicho kilimwonyesha upande mmoja tu wa jambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi na vyama. Tangu hapo bei si moja tena. Hubadilika kutwa, na anayeijua mapema humpunja asiyeijua.

Basi mnunuzi wa kahawa wa Bwera anatakiwa kuona nini? Ikiwa kahawa ni arabika, ile ya milimani, bei yake hufuata soko la New York, ambako hutajwa kwa senti za Kimarekani kwa ratili moja. Ikiwa ni robusta, ile ya bondeni, bei yake hufuata soko la London, ambako hutajwa kwa dola kwa tani moja. Mkulima hataki senti wala ratili wala tani. Anataka shilingi za Uganda kwa kilo. Kwa hiyo mnunuzi ahitaji pia kiwango cha kubadilisha dola. Tena, kwa kuwa yuko mpakani, na ng'ambo ya mto Lubiriha kuna Kasindi ya Kongo, watu humjia na faranga za Kongo mkononi, hivyo kiwango cha nne nacho hakiepukiki. Na juu ya hayo yote kuna daftari lake mwenyewe: amenunua magunia mangapi, kwa bei gani, na amebakiwa na fedha kiasi gani.

Mambo haya hayana budi kuonwa kwa pamoja, na hapa naomba msikilizaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba New York inataja senti 300 kwa ratili. Kilo moja ni ratili 2.2046, kwa hiyo kilo ni dola 6.61. Dola ikiwa shilingi 3,700, kilo ya kahawa safi iliyo tayari kupakiwa melini ni kama shilingi 24,470. Sasa tuseme New York haikutikisika hata senti moja, lakini dola imeshuka Kampala hadi shilingi 3,600. Kilo ile ile imekuwa shilingi 23,810. Tofauti ni shilingi 660 na kidogo kwa kilo, na kwa gunia la kilo 60 ni karibu shilingi 39,700. Mnunuzi aliyekodolea macho bei ya kahawa peke yake, akaisahau dola kwa kuwa ilikuwa imefunikwa nyuma ya karatasi nyingine katika kioo chake, amepoteza fedha hizo kwa kila gunia bila ya kuibiwa na mtu.

Hasara ya namna hii si ya kufikirika tu kwa miaka hii. Mwezi wa Februari 2025 bei ya New York ilipita senti 400 kwa ratili, ikiwa imekwisha kukipita kilele cha mwaka 1977. Bei inapokuwa juu namna hiyo, mtikisiko mdogo wa siku moja huweza kumeza faida ya msimu wa chama kidogo.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani watasema kwamba wao tayari wana vioo kadhaa. Ni kweli. Mtu hutembea na simu tatu: moja ya laini ya fedha ya mtandao huu, ya pili ya mtandao ule, na ya tatu yenye laini ya Kongo. Lakini simu huzima kioo chake baada ya muda mfupi, na mwenyewe ana mikono miwili. Aangaliapo dola katika simu hii, bei ya kahawa katika simu ile imekwisha kuingia gizani, naye huchukua ya kwanza kwa kumbukumbu. Kumbukumbu za mtu aliyezungukwa na wauzaji kumi wanaongoja mizani si za kutegemewa sana.

Sasa tuje kwenye hoja ya katibu. Yeye asema kwamba kioo kikubwa huonyesha mambo yote pamoja bila ya kugawanywa na fremu, waya wake ni mmoja, na kompyuta ya kubeba mkononi, ile iitwayo laptopu, kwa kawaida ina tundu moja tu la kutolea picha. Yote haya ni kweli. Lakini ipo hatari ambayo wengi huingia bila kujua, nayo yatokana na kudhani kwamba kioo kikubwa kinaonyesha mengi kwa sababu ni kikubwa.

Kioo cha kompyuta kimetengenezwa kwa nukta ndogo ndogo za mwangaza. Wingi wa nukta ndio unaoamua ni maandishi mangapi yataenea. Ukubwa wa inchi huamua tu kama yatasomeka kwa karibu au kwa mbali. Kioo cha kawaida cha inchi 21 na nusu kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Sasa chukua televisheni ya inchi 43. Ukiipima, eneo lake ni sawasawa na la vioo vinne vya inchi 21 na nusu vilivyopangwa viwili juu na viwili chini. Ikiwa ni ya aina iitwayo 4K, ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani nazo ni za vioo vinne kamili. Hapo mnunuzi amepata vinne kwa kimoja, bila fremu katikati, na katibu ameshinda. Lakini televisheni nyingine ya inchi 43, iliyopangwa dukani ubavuni mwa ile ya kwanza na yenye bei nafuu zaidi, huenda ikawa na nukta 1,920 kwa 1,080 tu. Hiyo ni kama kioo kimoja kidogo kilichovutwa. Tarakimu zitakuwa nene kama vidole, na mtu ataziona akiwa ng'ambo ya barabara, lakini hazitaongezeka hata moja. Karatasi ya bei itaifunika karatasi ya dola kama ilivyokuwa zamani.

Mimi mwenyewe nimewahi kudanganyika hivyo. Nilinunua kioo kikubwa kwa ajili ya kazi yangu ya kuandika habari, na muuzaji akaniapia kwamba nitaona kurasa mbili pamoja. Nilipokifikisha nyumbani, niliona ukurasa mmoja uliovimba. Dukani sikuuliza habari za nukta kwa sababu sikujua kwamba ziko. Anayekwenda dukani leo aulize idadi ya nukta kabla ya kuuliza inchi, na aisome mwenyewe juu ya sanduku.

Lipo swali jingine la kumwuliza muuzaji, nalo ni kama tundu la laptopu yenyewe lina uwezo wa kutoa nukta zote za 4K. Laptopu nyingi za zamani hutoa picha hiyo kwa kusuasua: ukisogeza kishale chazoroteka nyuma ya mkono. Mambo haya hujaribiwa pale pale dukani kwa laptopu ya mnunuzi mwenyewe. Kutoka Bwera kurudi Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na kioo kikubwa hakipendi kurudishwa katika buti la basi.

Mama mtunza fedha hakuzungumza habari za nukta. Alizungumza habari za umeme na za kuharibika. Kioo kidogo kimoja hutumia kama wati 20. Kikubwa cha inchi 43 hutumia wati 60 au zaidi. Kwa hiyo vidogo vitatu kwa pamoja havina nafuu kubwa kuliko kimoja kikubwa. Lakini umeme ukikatika, na ofisi ikabaki na betri ya mtambo wa jua peke yake, mama yule aweza kuzima viwili na kuendelea na kimoja hadi jioni. Kikubwa hakizimiki nusu. Hali kadhalika, radi ya Rwenzori ikiunguza kioo kimoja kati ya vitatu, chama kitaendelea kununua kahawa kesho yake. Ikiunguza kile kikubwa, chama kitarudi kwenye simu. Hoja hii, kwa maoni yangu, ina uzito mkubwa zaidi mahali kama Bwera kuliko London, ambako fundi yuko ghorofa ya chini.

Gharama ya vidogo iko penginepo. Laptopu yenye tundu moja itahitaji kifaa cha kugawia picha, na vifaa vya bei rahisi vya namna hiyo vina hila: vingine hutoa picha ile ile moja katika vioo vyote vitatu, jambo ambalo halimsaidii mtu. Lazima mnunuzi ahakikishe kwamba kila kioo chaweza kuonyesha jambo lake. Kompyuta ya mezani, hata iliyotumika, aghalabu huwa na matundu mawili au matatu, na kwa kazi hii ni afadhali kuliko laptopu mpya yenye sura nzuri. Shida yake ni kwamba haina betri ndani, hivyo yahitaji kifaa cha kuishikiza umeme unapokatika.

Kuhusu shingo na macho tutasema kidogo. Kioo kinachotazamwa zaidi kiwe mbele ya uso barabara, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, na kiwe mbali kama urefu wa mkono. Cha inchi 43 chataka umbali zaidi ya huo, kama mita moja, na ofisi nyingi za kununulia kahawa hazina mita hiyo kati ya meza na ukuta. Tena Kasese ni wilaya inayokatwa na mstari wa ikweta. Jua la asubuhi huingia moja kwa moja katika mlango unaotazama mashariki, na la jioni katika ule wa magharibi. Kioo kikubwa kilichosimama mkabala wa mlango huo huonyesha sura za wapita njia kuliko bei. Vidogo hugeuzwa kidogo tu, na jua likawapita.

Hapa ingefaa tuwaonye vijana wa mjini Kasese, na wa miji mingine, ambao wameona picha za wafanyabiashara wa Ulaya wameketi mbele ya vioo sita, wakadhani kwamba vioo ndivyo vinavyoleta utajiri. Wengine huuza pikipiki ili wanunue vioo hivyo na kuanza kucheza na fedha za kigeni mtandaoni. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara za kubahatisha mienendo ya bei namna hiyo hupata hasara. Hao ni watu wenye umeme usiokatika na vioo vingi kuliko wapendavyo. Isitoshe, bei zinazoonekana bure mtandaoni huchelewa dakika 10 au zaidi; anayetaka za papo hapo hulipia. Mtu mwenye vioo sita vinavyoonyesha bei iliyochelewa anaona jambo lililopita, mara sita.

Hata mnunuzi wa kahawa asisahau saa. London hufungua soko la robusta saa tano mchana kwa saa zetu wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa sita wakati wa baridi yao, na New York hufuata kwa muda mfupi nyuma yake. Mkulima ateremkaye mlimani alfajiri, akafika mizani saa mbili asubuhi, hukuta kioo, kiwe kikubwa au kidogo, kinaonyesha bei ya jana. Mnunuzi mwaminifu humwambia hivyo. Asiye mwaminifu hunyamaza, na jana yake ikiwa ilikuwa ya juu hutafuta sababu ya kumngojesha hadi mchana.

Sasa tulirudie swali la Mzee mwenyekiti. Baada ya kuwasikiliza katibu na mtunza fedha kwa saa nzima, alisema, "Wanangu, nimewaelewa. Ninyi mtaketi huku ndani mtazame. Mkulima aliyesimama pale kwenye mizani, yeye ataona wapi?"

Kikao kilinyamaza, nasi tuliokuwa tumealikwa kusikiliza tukanyamaza nao. Maana vioo vyote vilivyozungumzwa, kimoja au vitatu, vilikuwa vimeupa mgongo mlango.

Swali la Mzee si geni katika biashara. Soko la hisa la Nairobi kwa miaka mingi liliendesha kazi yake kwa mawakala kukutana pamoja na bei kuandikwa ubaoni. Kila aliyekuwamo aliona bei ile ile kwa wakati ule ule, na makosa ya mmoja yaliweza kusahihishwa na jirani yake. Mwaka 2006 soko hilo likahamia kwenye kompyuta. Kazi ikawa nyepesi na ya haraka, hapana ubishi, lakini ubao wa wote ukawa vioo vya kila mmoja. Tofauti hiyo ndiyo aliyoigusa Mzee bila ya kwenda Nairobi: kuna kioo cha kumsaidia anayenunua kufikiri, na kuna kioo cha kuwafanya wawili waone jambo moja.

Tangu swali hilo liulizwe, hoja ya vidogo ilipata nguvu ambayo mama mtunza fedha mwenyewe hakuwa ameitia. Vioo vitatu vyaweza kugawanywa: viwili mezani mwa katibu, kimoja kwa ajili ya bei za New York na London na cha pili kwa ajili ya dola, faranga na daftari, na cha tatu kigeuzwe kielekee mizani, tarakimu zake ziwe kubwa, mkulima aone. Kwa kazi hii ya mwisho, kioo chenye nukta chache hakina kosa lolote. Kikubwa, kwa uzuri wake wote, hakiwezi kutazama pande mbili. Katibu alikubali, ingawa alisema kwamba angeafiki kwa moyo mweupe zaidi kama chama kingenunua pia meza pana.

Lakini jambo halikuishia hapo, na hili ndilo gumu kuliko yote. Kioo cha tatu kionyeshe nini? Wakionyesha shilingi 24,470 ya mfano wetu, mkulima atauliza kwa nini analipwa pungufu sana ya hiyo. Ukweli ni kwamba kahawa aliyoileta ina maganda. Ikikobolewa hubaki karibu nusu ya uzito wake. Pia kuna kukausha upya, kuchambua, magunia, lori la kwenda Kampala, safari ya kwenda bandari ya Mombasa, riba ya benki na faida ya msafirishaji. Wakionyesha bei ya kununulia tu, bila ya hesabu iliyoizaa, watakuwa wamerudi kwenye redio ya miaka ya 1970: bei moja, isiyo na maelezo, itokayo kwa mwenye nguvu.

Mtunza fedha alipendekeza waonyeshe mistari yote: bei ya dunia juu, kisha kila kinachokatwa chini yake, na mwisho bei ya mkulima. Katibu akasema kwamba wanunuzi jirani wakiona makato ya chama watajua siri ya biashara yake, na kesho wataongeza shilingi 50 kwa kilo na kuwachukua wakulima wote. Mzee akauliza kama hilo litawadhuru wakulima. Hakuna aliyemjibu, maana chama chenyewe ni cha wakulima.

Tulipoondoka Bwera fedha za vioo vitatu zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa, na katibu alikuwa ameandika katika karatasi yake kwamba ataulizia nukta, matundu na wati kabla ya kulipa. Habari ya mistari ya kioo cha tatu imewekwa kwa kikao kijacho, ambacho kwa amri ya Mzee kitafanyiwa nje, karibu na mizani, siku ya kununua kahawa.